Babu wa Sekunde Arobaini

Nimepita nchi nyingi, nyingine nimezipita mara mbili kwa kusahau, lakini nchi iliyotulia kuliko zote nimeikuta moja tu. Jina lake silitaji. Si kwa ubaya. Ni kwamba wenyewe wameomba wasisumbuliwe. Ukisoma habari zake ukaona zinafanana na za mtaani kwako, ujue ni macho yako yamechoka. Kwenu watoto bado wanacheza nje mpaka waitwe kula. Mimi nasimulia ya huko tu.

Nilifika mpakani asubuhi, nina begi moja na pia ya kuchezea, ya mbao, niliyomchongea mjukuu wangu. Askari wa forodha, kijana mwenye adabu zake, akaigeuzageuza ile pia, akatafuta tundu, asilione.

"Mzee, hii inachajiwa wapi?"

Nikamwambia haichajiwi, inazungushiwa kamba ikarushwa chini. Akanitazama kwa huruma. Kwenye fomu akaandika: kifaa kimoja, kibovu. Akasema itabaki kwake mpaka chaja yake ipatikane, akanipa na karatasi ya kuidai.

Kisha akaniuliza nimekuja kufanya nini. Nikasema nimekuja kukaa kwa binti yangu Zuwena, kwa sababu nimechoka kutembea. Na nilisema kweli. Nimekuwa mpishi wa wajenga barabara, nimelinda maghala, nimechunga ngamia wasio wangu. Shule nilisoma darasa la kwanza huku, la pili kule, la nne mahali pengine kabisa. La tatu nalitafuta mpaka leo. Sasa miguu ilikuwa imeanza kuniuliza tunakwenda wapi, na mimi jibu sikuwa nalo tena.

Yule kijana akanieleza sheria. Mzee anayetoka nje hupewa siku kumi na nne. Siku ya kumi na nne, mtoto wa nyumba aliyofikia, mwenye umri wa chini ya miaka mitano, hupelekwa kwa Karani wa Utambuzi akaulizwa: huyu nani? Mtoto akijibu, mzee anakaa mpaka siku yake ya mwisho, na sanda ni ya serikali. Asipojibu, mzee anaendelea na safari yake.

Nikaona hii ndiyo sheria nyepesi kuliko zote nilizowahi kukutana nazo. Mjukuu gani asiyemjua babu yake?

*

Zamani, kwa mujibu wa vitabu vyao, nchi ile ilikuwa na kelele kama nchi nyingine. Watoto walilia wakitaka kushikwa, wakishashikwa walilia wakitaka kuteremshwa. Lakini kilichoisumbua serikali hasa si kilio, ni maswali. Waziri wa Utulivu wa Majumbani, Mheshimiwa Dakta Tulizo Mkandawile, aliunda tume, na tume ikagundua kwamba mtoto wa miaka minne huuliza maswali mia tatu kwa siku, na mzazi aliyetoka kazini ana nguvu za kujibu manane. Maswali mia mbili na tisini na mawili yalikuwa yanazagaa majumbani kila siku bila mwenyewe. Yalianza kuingia mitaani. Mengine, inasemekana, yalifika mpaka langoni kwa Mheshimiwa.

Ndipo ukaja Mpango. Kwao, kama kwetu, mtoto akitimiza siku arobaini hunyolewa nywele na kutolewa nje aonyeshwe dunia. Serikali ikaongeza jambo moja dogo: siku hiyo hiyo mtoto akabidhiwe kishikwambi. Baada ya mwaka wakaona hakuna haja ya kumtoa nje, kwa kuwa dunia imo mle ndani. Baada ya mwaka mwingine wakaacha na kunyoa, kwa kuwa mtoto anatikisika na kioo hakionekani vizuri.

Kila Jumatano Mpimaji hupita na mashine yake ya kupimia kelele. Nyumba iliyotulia hutundikiwa kitambaa cheupe mlangoni. Nyumba iliyosikika cheko, au kilio, au mtu akiimba huku anaosha vyombo, hutundikiwa chekundu. Ukifikisha vyekundu vitatu unaletewa mshauri, naye hukaa sebuleni kwako kutwa nzima akikutazama bila kusema neno.

Siku niliyofika, hotuba ya Mheshimiwa ilikuwa inatoka katika kila dirisha kwa pamoja, nikawa naisikia huku natembea, wala sikupoteza hata neno.

"Ndugu wananchi wapendwa," alisema Mheshimiwa, "nani asiyekumbuka giza tulikotoka? Mtoto anauliza mbona mwezi unatufuata. Mzazi hajui. Anaaibika mbele ya damu yake mwenyewe. Serikali yenu ikasema aibu hii basi. Leo natangaza kwa fahari kwamba asilimia mia moja na nne ya watoto wetu wametulia. Hizo nne za ziada ni watoto wa nchi jirani, wametulia kwa kuambukizwa."

Hakuna aliyepiga makofi. Walibonyeza.

*

Zuwena alifungua mlango akiwa amevaa fremu.

Naomba nieleweke. Fremu ya mbao, ya picha, haina kioo wala picha, imening'inia shingoni kwa kamba. Sura yake ikawa ndani ya fremu, na fremu ndani ya mlango, nami nikasimama pale kama mtu aliyeletewa picha ya mwanawe. Mara ya mwisho nilimwona akiwa na miaka kumi na saba. Mvi mbili zilikuwa zimetangulia kunipokea.

"Shikamoo, baba," akasema, akalia kidogo, kwa kile kiwango kinachoruhusiwa.

Mumewe, Kitwana, akaja akanishika mkono kwa mikono miwili. Huyu ni mwalimu wa chekechea. Kazi yake ni kupita katikati ya madawati na waya mrefu, kuangalia nani chaji imemwishia. Akanieleza habari ya fremu bila mimi kuuliza, maana aliona macho yangu. Watoto wa siku hizi, alisema, kitu kisicho na kingo hawakioni. Mama akitaka mtoto amtazame wakati wa kumnywesha dawa, avae fremu. Mafundi seremala wa nchi ile wameacha kutengeneza vitanda. Wanatengeneza fremu tu, za kazini, za nyumbani na za sikukuu.

Siwatu alikuwa amekaa mkekani, kwenye kona, penye soketi ya umeme. Miaka minne. Paji la uso la marehemu mke wangu, lilivyo vilevile, limeangaziwa na mwanga wa buluu. Kishikwambi chake kilinihisi kabla yake.

"Shikamoo," kikasema. "Kuitikia marahaba, bonyeza moja."

Nikaitikia kwa mdomo, kama nilivyozoea. Kikasema jibu langu halikueleweka.

Nikachuchumaa mbele yake, magoti yakalia, namshukuru Mungu haikuwa Jumatano. Nikamwambia Siwatu, ni mimi, ni babu yako. Akainua macho. Akanitazama kwa muda wa kupepesa. Kisha akaweka kidole kimoja shavuni mwangu, akakivuta taratibu kuelekea sikioni, kama mtu anayefuta vumbi.

Nilifurahi sana. Nikamgeukia Zuwena nikamwambia umeona, mtoto ananipapasa. Zuwena akatazama chini. Ni Kitwana aliyenijibu, kwa heshima zote za mkwe.

"Baba, amekutelezesha."

"Maana yake nini?"

"Maana yake umeshapita."

*

Sasa lazima niseme kosa langu, maana hadithi bila kosa la msimulizi ni hotuba.

Siwatu alipozaliwa nilikuwa mbali, napika. Zuwena aliniletea habari, nikasema nakuja. Mwaka ukapita nikiwa nakuja. Siku moja kwenye kituo cha mabasi kijana mmoja muuza vocha akanirekodi kwa simu yake, akamtumia Zuwena. Sekunde arobaini. Nasema: Siwatu, mjukuu wangu, ni mimi babu yako, nipo njiani, nakuja. Kisha nakohoa. Kisha nacheka kwa sababu nimekohoa. Kisha kidole gumba changu, nikijaribu kuzima, kinakuja kikubwa kama mlango na kufunika kila kitu. Na siku ile nilikuwa njiani kweli. Ni kwamba mbele kulikuwa na njia panda.

Jioni ile ya kwanza ndipo nilipomwona huyo babu. Zuwena alipakua uji wa Siwatu, akaegemeza kishikwambi kwenye chupa ya chai, akabonyeza. Nikatokea. Nilikuwa mzuri kidogo kuliko nilivyo.

"Bila babu hali," Zuwena alininong'oneza, kama anayeomba radhi. "Tangu aachishwe ziwa."

Basi nikaangalia. Babu wa kioo akasema nipo njiani, nakuja. Siwatu akamjibu, "Njoo," na kwa kusema hivyo mdomo ukafunguka, na Zuwena akaingiza kijiko. Babu akakohoa, Siwatu akameza. Babu akacheka, Siwatu naye akacheka, kidogo, chini ya kipimo. Kidole gumba. Mwanzo tena. Njoo, kijiko. Bakuli zima lilikwisha hivyo, babu kaja mara ishirini na mbili, na mimi nimesimama pembeni na sura ile ile, mikono nimeiweka nyuma.

Nikamuuliza Zuwena kwa nini hakumfundisha mtoto kwamba huyu ndiye yule. Akasema amejaribu tangu nilipoingia, lakini mtoto anaona wazi kwamba yule yuko njiani, na mtu hawezi kuwa njiani na sebuleni kwa wakati mmoja. Ni hoja ya mtu mwenye akili.

*

Kesho yake nilikwenda kwa seremala nikapimwa uso. Akanitengenezea fremu ya mninga, nzito, inakata shingo. Nikajitundika. Nikakaa mbele ya Siwatu, nikaanza: Siwatu, mjukuu wangu.

Akatazama. Wallahi alitazama. Nikaendelea mpaka nakuja, lakini kikohozi, ambacho miaka yote hainipiti saa bila kunijia, siku hiyo kikakataa. Siwatu akasubiri. Nikajikohoza. Hakikuwa chenyewe. Akaninyoshea kidole akanibonyeza pua, maana pua iko katikati, na kitu kilichokwama hubonyezwa katikati. Nikaanza upya.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda siku nne. Asubuhi fremu, jioni fremu. Zuwena alinisimamia kama mwalimu wa Kurani. Baba, hapo ulicheka mapema. Baba, usilegeze shingo. Siku ya tano tulifika mbali, nikakohoa vizuri, nikacheka vizuri, Siwatu akasogea karibu kabisa, na mimi kwa furaha nikaharibu. Nikamuuliza: umeshiba, mama?

Babu wa kioo hajawahi kuuliza kitu. Uso wa mtoto ukafungwa kama dirisha. Kidole, shavu, sikio. Nimepita.

"Baba jamani," Zuwena akasema, akiivua fremu shingoni mwangu, "ungesema yale yale tu."

Siku ya nane mgongo ukagoma. Wote wawili walikuwa kazini. Kila mtu huko yuko kazini, ndiyo sababu ya Mpango wote. Nikatafuta ukuta wa kuegemea, nikaketi kwenye kona, miguu nimeinyosha. Sikuwa na nia yoyote. Fremu ilikuwa jikoni.

Siwatu akatoka chumbani, macho kwenye kioo, anatembea kwa kumbukumbu ya miguu. Chaji ilikuwa imepungua. Waya wake ni mfupi, haufiki popote ila pale kwenye kona. Alipofika akageuka, kama afanyavyo siku zote, akakaa.

Akanikalia mimi.

Akachomeka waya. Akajisogeza mgongo mpaka ukapata kifua changu, akaona panafaa, akatulia. Uzito wa mtoto wa miaka minne sijauona umeandikwa popote, lakini vitabu nimesoma vipande vipande, huenda umo kwenye kurasa nilizoruka. Miguu yangu ilikufa ganzi ndani ya nusu saa. Sikuitikisa. Nilikaa mpaka Zuwena aliporudi, akatukuta, akasimama mlangoni na kapu la mboga mkononi, hakuingia mpaka mtoto alipoinuka mwenyewe.

Siku ya tisa niliwahi kona asubuhi mapema. Siku ya kumi aliuvuta mkono wangu akauweka pale anapotaka kuegemeza kiwiko. Akaona goti langu lina mfupa. Akaenda akaleta mto, akauweka juu ya goti, akakaa. Sijui ni nani katika maisha yangu aliyewahi kunitengeneza namna ile. Kichwa chake kilinuka mafuta ya nazi.

Siku ya kumi na mbili, alasiri, umeme ukakatika nchi nzima.

Mwanzo si kitu, vishikwambi vina akiba. Lakini ulikawia. Kimoja baada ya kingine vikazimika, na mtaa mzima watoto wakainua vichwa. Jirani wa kushoto mtoto alimwona baba yake mzima mzima, na miguu, akapiga yowe. Jirani wa kulia mtoto alitoka mpaka barazani, akaliona jua, akauliza linazimwa wapi. Maswali yalianza kusikika mpaka barabarani. Wapimaji walikimbia na mashine zao, lakini mashine nazo zilikuwa za umeme. Baadaye ilitangazwa kwamba watu kumi na wanne walikuwa wamejibu maswali bila kibali, na kwamba serikali inawapa pole.

Siwatu alikuwa amenikalia. Kioo kikawa cheusi. Akakitazama, akakisogeza karibu, na mle ndani ya weusi, penye kingo nne safi, akaona sura mbili: yake mbele, na nyuma yake, juu kidogo, yangu.

Sikupumua. Alinitazama mle muda mrefu kuliko alivyowahi. Akakigusa kioo penye pua yangu.

"Babu amekwama," akasema.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nayo, sentensi nzima, na mara hii nisingeongeza neno. Nikasema "Siwatu, mju—" na umeme ukarudi, na muziki, na sungura wa kijani anayeuza biskuti akaruka katikati ya kioo. Sura zote mbili zikapotea.

*

Ofisi ya Utambuzi ina jengo zuri. Tulikaa kwenye foleni na wazazi wengine, maana huko hata mzazi huhakikiwa na mtoto wake, kila mmoja na fremu yake. Mbele yetu mama mmoja alipata muhuri baada ya kucheza ngoma ya tangazo la sabuni, mtoto akasema, "Mama wa povu." Karani akaandika Mama, sehemu ya povu akaiacha, akasema yeye si mtu wa roho mbaya.

Naye hakuwa na roho mbaya. Bwana Lusekelo, mtu mwembamba, sauti ya taratibu, kalamu kafunga kwa uzi. Alifungua daftari, akafuata mstari kwa kidole, akasimama.

"Mzee Machano, kuna tatizo dogo. Nafasi ya babu imeshajazwa."

Akanigeuzia daftari nione. Kweli: Siwatu binti Kitwana. Babu: yupo. Urefu: sekunde arobaini. Kazi: kulisha mtoto, mara tatu kwa siku. Siku alizokosa: hakuna.

"Usinielewe vibaya, mzee wangu. Huyu ana mahudhurio mazuri. Wewe ulikuwa wapi?"

"Njiani."

"Naye ndivyo anavyosema," akajibu karani, "lakini yeye anasemea hapa hapa."

Hata hivyo sheria ni sheria, akasema, mtoto lazima aulizwe. Nikakalishwa kwenye kigoda katikati ya chumba. Fremu nilikatazwa, ya ofisi ndiyo halali, na ya ofisi ilikuwa kwa fundi. Siwatu akasimamishwa hatua tano mbele yangu, kichwa chini, kioo mkononi. Zuwena na Kitwana wakawekwa ukutani. Zuwena alikuwa ameshika ncha ya kanga yake akiizungusha kidoleni, kama alivyokuwa akifanya utotoni nikiwa nafunga begi. Nikakumbuka begi hilo hilo liko chini ya kiti cha kusubiria. Nilikuwa nimelifunga asubuhi, nisije nikawasumbua.

Bwana Lusekelo akaniwekea mkono begani. "Siwatu. Huyu ni nani?"

Siwatu hakuinua kichwa. Karani akauliza mara ya pili. Kishikwambi kikalia mlio wa chaji kuisha. Siwatu akainua macho, si kwangu, kwa kuta. Akatafuta. Soketi ilikuwa moja tu chumba kizima, nyuma ya kigoda changu.

Akaja. Akapita hatua zote tano. Zuwena akaiacha kanga. Mtoto alipofika akageuka, akanikalia, akachomeka waya, akauvuta mkono wangu akauweka mahali pake, akaegemea.

Karani alichanganyikiwa kidogo. Akainama mpaka sikioni kwake, mkono wake bado begani mwangu.

"Siwatu, mama, nakuuliza. Huyu hapa ni nani?"

"Kiti," akasema Siwatu. Na kwa vile karani hakuandika, akamwongezea, bila kutoa macho kwenye sungura: "Kiti changu."

Bwana Lusekelo akarudi mezani. Akapekua mbele, akapekua nyuma. Mama, Baba, Bibi, Babu, Mwingineo, kiti hakikuwepo. Akapiga simu wizarani, wizarani wakampeleka idara nyingine, nayo ikampeleka nyingine. Kwa saa mbili alikaa amesimama wima simu sikioni, akisema ndiyo mheshimiwa, mzima mheshimiwa, hapana, halegilegi. Siwatu hakuinuka. Mimi sikutikisika.

Alipokata simu alikuwa amefurahi kwa niaba yetu. Ilivyoonekana, mtoto ametambua; hilo halina ubishi. Ila hakutambua mtu. Kwa hiyo faili langu limeondolewa Uhamiaji na kupelekwa Samani, na samani, akanieleza, haina siku kumi na nne. Samani ikishaingia nyumbani imeingia. Masharti ni machache: isihamishwe pasipo taarifa, isitoe sauti mtoto akiwa anatazama, na iwe na miguu minne. Kuhusu miguu, wizara imekubali upungufu.

"Unakubali?" akaniuliza. Kisha akashusha sauti, akajifanya anafunga uzi wa kalamu. "Kubali, mzee. Mimi mama yangu yuko nyumbani miaka sita sasa. Ni kabati. Anatunza nguo za watoto, hajambo kabisa."

Nikafikiri. Nimeitwa mpishi, nimeitwa mlinzi, mgeni, mzururaji, nimeitwa wewe mzee toka hapo. Hakuna aliyewahi kuweka "changu" mwishoni. Nikasema nakubali. Karani akanizuia nisitie sahihi, kwani kiti hakitii sahihi. Akatia Zuwena, na machozi yakaangukia muhuri, ikabidi ugongwe tena.

*

Sasa ninakaa. Kitu nilichokitaka nimekipata, na sheria haijavunjwa hata moja. Nyuma ya shati langu kuna kibandiko chenye namba. Kila Jumatano Mpimaji ananisukuma bega kuona kama ninalia. Forodha waliniandikia kuhusu ile pia: chaja bado inatafutwa, lakini wameshaagiza kutoka nchi tatu. Zuwena akirudi kazini husimama nyuma yangu kidogo, akaniwekea kiganja kichwani, jambo ambalo mtu anaweza kulifanya kwa kiti bila kuulizwa.

Jana jioni alipakua uji. Siwatu akanikalia, akaweka mto, akauvuta mkono. Chupa ya chai ikaletwa, kishikwambi kikaegemezwa, nikatokea mbele yetu, mzuri, na kituo cha mabasi nyuma yangu.

"Siwatu, mjukuu wangu, ni mimi babu yako. Nipo njiani, nakuja."

"Njoo," akasema Siwatu. Kijiko kikaingia.

Mwanzo tena. Nipo njiani, nakuja. Njoo. Mara ya tatu, au ya nne, sijui kilichonipata. Nikainamisha mdomo mpaka kwenye nywele zake, nikasema polepole, chini ya kipimo chochote:

"Nimefika."

Zuwena kijiko kikamsimama hewani. Siwatu hakugeuka. Alinyosha mkono nyuma, akapapasa kidevu changu, akapanda, akaupata mdomo, akaufunika.

"Kiti, nyamaza," akasema. "Babu anaongea."

Nikanyamaza. Kule kwenye kioo mzee akakohoa, akacheka kwa sababu amekohoa, kidole gumba kikaja kikafunika kila kitu, na akaanza tena kusema yuko njiani. Mkono wa Siwatu ulikuwa bado uko mdomoni mwangu, ameusahau hapo, una ujiuji vidoleni. Nilipumua kwa pua, kidogo kidogo, asije akaukumbuka.